UZI: Silver Apples, watu wawili na mashine moja (New York, 1967 hadi 1970)

Fundi_Ngara

Wadau hamjambo. Uzi huu nimekaa nao kifuani muda mrefu. Kazi yangu ni kutengeneza redio na amplifaya, na mwaka huu natimiza miaka 19 kwenye meza yangu hapa Ngara. Muziki sikuusomea. Lakini kuna bendi moja ambayo kila nikiisikia naiona meza yangu ndani yake, na nataka kuisimulia tangu mwanzo, maana watu wakizungumzia muziki wa umeme huanzia Ujerumani na bendi ya Kraftwerk, na hawa wanarukwa.

Ni Silver Apples wa New York. Simeon Coxe aliimba na kupiga mashine, Danny Taylor alipiga dramu. Basi. Gitaa hakuna, kinanda hakuna. Na mashine yenyewe Simeon hakuinunua dukani, kwa sababu hakuna duka lililokuwa nayo.

Simeon alizaliwa mwaka 1938 Knoxville, Tennessee, akakulia New Orleans, kisha akahamia New York akitaka kuwa mchoraji. Katikati ya miaka ya sitini alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki ya kawaida iliyoitwa The Overland Stage Electric Band. Walikuwa wakipiga Café Wha?, ukumbi mdogo ulioko Greenwich Village. Simeon alikuwa na rafiki mwenye osileta kuukuu, ya miaka ya arobaini. Akaichukua, akaiunganisha kwenye amplifaya ya jukwaani, na bendi ikiwa katikati ya wimbo akaanza kukizungusha kitasa.

Kwa wasioijua: osileta ni chombo cha kupimia. Amplifaya ikiletwa kwangu imekufa, naiingizia sauti moja kutoka kwenye osileta, halafu naifuata sauti hiyo ndani ya saketi hatua kwa hatua mpaka nijue imepotelea wapi. Mbele ina kitasa kikubwa. Ukikizungusha, sauti inapanda kutoka mngurumo hadi mluzi wa kuumiza meno, na haina ngazi katikati. Haijui do wala re. Aliyeitengeneza hakuwa akiwaza wimbo hata kidogo.

Wapiga gitaa wa bendi ile hawakuipenda. Wakaondoka, mmoja leo mwingine baadaye, mpaka wakabaki mwimbaji na mpiga dramu. Mwaka 1967 hao wawili wakabadilisha jina.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Watu husema walibuni sauti mpya kana kwamba waliiota usiku. Mimi naamini sauti ile ilitokana na walichokosa. Waliobaki ni wawili, na chombo walichokuwa nacho kilikuwa kigumu kama jiwe. Wakakiheshimu kilivyo. Hawakukilazimisha kuwa kinanda.

Naendelea jioni, kuna mteja.

Mama_Santuri

Fundi, asante. Jina nalijua. Niliwasikia kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha santuri Kenyatta Market. Nilikuwa nimeenda kutafuta benga ya zamani, na mwenye kibanda alikuwa ameiweka ikizunguka. Nilisimama pale na mfuko wa sukumawiki mkononi mpaka upande mzima ukaisha.

Kuna wimbo mmoja kwenye albamu ya kwanza, unaitwa "Program". Katikati yake vinaingia vipande vya redio: mtu anazungumza, muziki wa bendi nyingine, kisha vinakatika na mashine inarudi. Nilikumbuka baba yangu na redio yake ya masafa mafupi, usiku, akizungusha polepole akitafuta habari. Kabla hajaifikia stesheni unasikia miluzi, Kiarabu kidogo, wimbo wa mahali usipopajua, halafu miluzi tena. Sisi watoto tulikuwa tunapenda kile cha katikati kuliko habari zenyewe.

Jina la bendi lilitoka kwenye shairi la W. B. Yeats, mshairi wa Ireland, panapotajwa matofaa ya fedha ya mwezi.

Msikilizaji_Umoja

Ndugu Fundi, baada ya kukusoma nimewatafuta, nimesikiliza nyimbo tatu nikiwa kwenye matatu kutoka mjini. Nitasema kweli. Mwimbaji sauti yake ni nyembamba. Wimbo haugeuki. Unaanza mahali, unakaa palepale, unaishia palepale. Nilingoja kiitikio kinipandishe, hakikuja. Wewe unasikia nini ambacho mimi sikisikii?

Fundi_Ngara

Kaka, umeuliza vizuri na sitakupinga kwamba wimbo haugeuki. Ndivyo ulivyo. Ngoja nieleze kwa nini.

Osileta moja inatoa sauti moja kwa wakati mmoja. Ukitaka noti tano utazungusha kitasa, na hapo sauti itateleza kama mtu anayepiga mluzi, au utatafuta osileta tano, kila moja uipange kwenye noti yake, kisha uweke swichi za kuzifungua na kuzifunga. Simeon aliendelea kuongeza. Albamu ya kwanza ilipotoka mwaka 1968 kwa kampuni ya Kapp, maelezo ya jalada yalisema mashine ina osileta 9 na vidhibiti 86, na kwamba inapigwa kwa mikono, miguu na viwiko. Mashine yenyewe waliiita Simeon, jina la mwenyewe. Baadhi ya swichi zilikuwa zile za telegrafu, za kugonga kwa kidole, kwa hiyo sauti inakuja kwa vipande vifupi vifupi kama ujumbe unaotumwa.

Sasa hesabu. Miguu iko kwenye besi, mikono iko kwenye sauti za juu, kinywa kinaimba. Mtu huyo atabadilisha ufunguo wa wimbo, yaani kuuhamishia wimbo wote kwenye noti nyingine, saa ngapi? Hawezi. Akibadilisha ufunguo lazima azipange upya osileta zote. Kwa hiyo wimbo unajengwa juu ya noti chache na unabaki hapo, na kazi yote ya kuusogeza inaangukia mdundo.

Kwa hiyo rudia kusikiliza, ila safari hii mwache mwimbaji. Msikilize Danny tu, kisha rudi uniambie.

DramuZaKanisani

Naomba niingie hapo kwa Danny, maana hapo ni kwangu.

Napiga dramu kanisani Jumapili mbili kila mwezi. Kazi yangu kubwa ni kutowasumbua waimbaji: naweka mdundo, naongeza kidogo pale kwaya inapopanda, nashuka. Danny hafanyi hivyo. Kwenye wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza, "Oscillations", anachukua duara moja na kulirudia, na sehemu kubwa anaipiga kwenye ngoma zenyewe, tomu kwa tomu, visahani vinakuja kidogo. Alikuwa na seti kubwa kuliko ya kawaida, na alizikaza ngoma zake zikubaliane na noti za mashine. Ukisikiliza kwa makini utagundua dramu zinaimba. Kuna mahali sikuweza kutenganisha besi ya mashine na tomu ya chini. Nilirudisha mara nne.

Kukaza ngoma kwa noti si jambo la dakika mbili. Ngozi ina vishikio sita au vinane pembeni. Unakaza kimoja, unavuka upande wa pili unakaza cha kule, unagonga karibu na ukingo, unasikiliza kama pande zote zinasema kitu kimoja. Ukimaliza, hewa inabadilika na unaanza upya. Mtu aliyefanya hivyo kwa seti nzima ili tu akae sawa na mashine ya mwenzake alikuwa anampenda mwenzake huyo kimuziki. Siwezi kulisema kwa namna nyingine.

Msikilizaji_Umoja

Nimerudia. Danny nimemsikia. Sauti ya Simeon bado haijaniingia, lakini mdundo nimeuelewa, na jana usiku nilijikuta nikiupiga kwa vidole mezani wakati wa chakula.

Nyatiti_Siaya

Mimi husoma tu humu, leo nimelazimika kuandika. Hapo Fundi aliposema mikono, miguu na kinywa, nilimwona babu yangu.

Mpiga nyatiti hukaa chini kwenye kigoda. Nyuzi 8 ziko mbele ya mikono miwili. Kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete ya chuma anayogongea mbao ya ala yenyewe, na mguuni amefunga njuga. Anaimba hapohapo, anamsifu marehemu, anamtania shemeji, anaomba kinywaji. Mtu mmoja, bendi nzima. Na nyatiti nayo ukishaipanga imepangwa. Hutabadilisha ufunguo katikati ya wimbo. Unazunguka, unazunguka, na msikilizaji anaingia ndani ya ule mzunguko.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Umoja, sisi tumelelewa na nyimbo zisizogeuka. Tumesahau tu kwamba tunazijua.

Fundi_Ngara

Nyatiti_Siaya, umenipa kitu ambacho sikuwa nacho. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Nilete sasa habari ya meza yangu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Miaka michache iliyopita karakana moja ya vifaa vya umeme ilifungwa, na nilinunua mzigo wa vyombo vyao kwa bei ya chuma. Ndani yake kulikuwa na osileta ya vali (zile taa za kioo za redio za zamani), ya kijivu, kitasa kikubwa kama kifuniko cha sufuria. Nilibadilisha kapasita za umeme zilizokuwa zimevimba, nikasafisha mguso wa swichi ya masafa, ikawaka. Vali mbili zilitoa ile rangi ya kaa la moto. Ina harufu yake pia, ya vumbi linalopata joto.

Jambo la kwanza inalokufundisha ni subira. Ukiiwasha na kuipanga papo hapo, baada ya dakika kumi imehama. Vali zinapata joto, vipuri vilivyo karibu vinapata joto, na noti inasogea kidogo kidogo bila wewe kugusa kitu. Mpaka nusu saa ipite ndipo inatulia. Siku moja mwezi wa Julai, kwenye ile baridi yetu, nilikuwa nimeipanga vizuri sambamba na kinanda kidogo cha mwanangu. Stima ikapotea. Iliporudi baada ya kama robo saa, osileta iliamka ikiwa chini ya kinanda kwa kiasi ambacho hata jirani anayeuza viatu aliinua kichwa.

Sasa chukua hiyo moja, zidisha mara 9, ipeleke kwenye ukumbi uliojaa watu, joto, jasho, taa. Nadhani ndiyo maana rekodi zao zina ule mtikisiko, noti mbili zilizo karibu sana zikigombana mpaka unasikia wowowowo. Mafundi tunaita hali hiyo kupishana kwa mawimbi. Ukiwa na sauti moja ya mitetemo 220 kwa sekunde na nyingine ya 223, sikio linasikia mpapatiko mara 3 kila sekunde. Ukiziongezea tofauti, mpapatiko unaongezeka kasi. Mwenye kinanda angeita kosa. Wao walilifanya liwe mwili wa wimbo.

Kijana46

Mzee wangu Fundi, shikamoo. Mimi na rafiki yangu tuna bendi yetu, watu wawili pia, kompyuta moja na maiki mbili. Mwaka jana tulipata nafasi kwenye ukumbi mmoja mjini, sitautaja. Dakika ya saba fundi wa sauti akashusha kila kitu akidhani spika zake zimeharibika. Tulimweleza kwamba ndivyo wimbo ulivyo. Akasema tumalizie hapo. Tulibeba vyombo tukarudi Kawangware bila kuongea njia nzima.

Ninapokusoma nataka kujua mambo mawili. Kwanza, hawa walipigaje mbele za watu bila kufukuzwa? Pili, naweza kujenga osileta yangu bila vali?

Na wadau msisahau nyumbani. Duma, watu wawili wa Nairobi hapa, albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. KMRU naye ni wetu, mjukuu wa mzee Joseph Kamaru, na anajenga kazi zake kwa sauti anazorekodi mitaani.

Fundi_Ngara

Marahaba kijana wangu. Pole kwa ukumbi ule. Dakika saba si kidogo, mlizipiga.

La kwanza. Simeon mwenyewe alisimulia kwamba walipiga Central Park usiku ule binadamu alipokanyaga mwezi, Julai 1969, watu wamejaa bustanini wakitazama kwenye skrini. Ebu waza: kwenye skrini kuna sauti za redio zinazokatika kutoka mwezini, na chini yake kuna mtu anayezungusha osileta. Nadhani usiku ule hakuna aliyeuliza kama spika zimeharibika.

La pili ni rahisi na gharama yake ni ndogo. Nenda Luthuli, kwenye maduka ya vipuri vya umeme, uliza aisi ya 555, kile kipuri kidogo cheusi chenye miguu 8. Simeon hakuwa nayo, ilitoka mwaka 1972. Nunua na hivi: rezista ya kilo-omu 1, voliumu ya kilo-omu 100, kapasita ya mikrofaradi 0.1 na betri ya volti 9. Rezista inakaa kati ya mguu wa 8 na wa 7. Voliumu inakaa kati ya 7 na 6. Mguu wa 6 na wa 2 unaviunganisha, na kutoka hapo kapasita inaenda hasi. Mguu wa 1 hasi, wa 8 chanya, wa 4 nao chanya. Sauti inatoka mguu wa 3. Usiipeleke moja kwa moja kwenye amplifaya: pitisha kwanza kwenye kapasita ya mikrofaradi 10, kisha rezista kubwa ya kuipunguza nguvu, usije ukachoma kitu cha watu.

Voliumu ikiwa mwisho kabisa utapata mitetemo kama 72 kwa sekunde, besi nzuri. Ukiishusha hadi kilo-omu 10 utafika karibu 685. Kapasita chukua ya filamu. Zile za kauri za bei rahisi huhama joto likibadilika. Jenga tatu, kila moja na kitufe chake cha kengele ya mlango, na utakuwa na nyimbo za mwaka mzima. Sauti yake ni kali zaidi kuliko ya osileta za Simeon, ina kona, kwa sababu 555 inaruka juu na chini ghafla badala ya kupanda taratibu.

Mama_Santuri

Fundi, umefika 1969 na hujataja ndege.

Fundi_Ngara

Mama, nilikuwa naichelewesha kwa sababu inaniuma.

Albamu ya pili, "Contact", ilitoka mwaka 1969. Jalada la mbele linawaonyesha wakiwa ndani ya chumba cha marubani cha ndege ya Pan Am. Ukiligeuza, nyuma wako kwenye mabaki ya ndege iliyoanguka. Kampuni kubwa ya ndege ikaona jina lake upande mmoja na ajali upande wa pili. Ikawashtaki. Kesi ile iliwamaliza. Kapp nayo ikafa, na albamu ya tatu waliyokuwa wameanza kuirekodi ikakwama kwenye kanda. Kufikia 1970 bendi haikuwepo tena.

Miaka mitatu tu. Naifikiria "Contact" kuliko ile ya kwanza, kwa sababu pale tayari wanajua wanachofanya. Kwenye "Ruby" Simeon anapiga banjo juu ya mashine, ala ya kijijini kwao kusini juu ya chombo cha maabara, na vinakaa pamoja kama ugali na mrenda. Walikuwa wanaelekea mahali. Picha ya jalada ikawafungia njia.

Nyatiti_Siaya

Na baadaye?

Fundi_Ngara

Kwa kifupi, kwa sababu uzi ni wa miaka ya mwanzo. Simeon alirudi kusini, Alabama, akafanya kazi ya habari za televisheni na kuchora. Mwaka 1994 lebo moja ya Ujerumani ilitoa albamu zote mbili bila ruhusa yao, vijana wakazisikia, na mwaka 1996 Simeon akarudi jukwaani. Danny alipopatikana, kanda za albamu ya tatu alikuwa nazo bado, amezitunza. Ikatoka 1998 kwa jina "The Garden". Mwaka huohuo gari lao lilipata ajali na Simeon akavunjika shingo, akapona pole pole, akapiga tena. Danny alifariki 2005. Simeon alifariki Septemba 2020, akiwa na miaka 82. Kijana46, albamu ya Duma uliyoitaja ilitoka mwezi mmoja kabla ya kifo chake.

Kijana46

Mzee, nimejenga moja. Jana saa nne usiku ilitoa sauti. Mama alitoka jikoni akauliza kama mtungi wa gesi unavuja. Nilimwambia ni wimbo, akakaa kitandani kwangu akasikiliza nikiishusha mpaka chini kabisa. Akasema pale chini ni pazuri, nipaache hapo.

Sijapata vitufe vya kengele, nimeshikanisha waya kwa vidole.

DramuZaKanisani

Fundi, nina ombi. Nataka kujaribu kuikaza tomu yangu kubwa kwa noti ya ile osileta yako ya kijivu. Nikija Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, nitakukuta?

Fundi_Ngara

Utanikuta, nafungua mpaka saa kumi na mbili. Njoo na ufunguo wa kukazia, mimi sina. Kijana46 naye aje na kisanduku chake na betri mpya. Nitaiwasha ya kijivu saa tisa na nusu ili mkifika iwe imeshatulia.